Maswali na Majibu: Sayansi ya Mazingira Chuoni

Nimemaliza kidato cha sita, tahasusi ya CBG (kemia, biolojia na jiografia). SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo) wana shahada ya sayansi na usimamizi wa mazingira, Chuo Kikuu Ardhi wana uhandisi wa mazingira. Ni kitu kimoja? — Msomaji, Iringa

Si kitu kimoja. Mhandisi anasanifu mabwawa ya majitaka, mabomba na madampo, kwa hiyo uhandisi unaegemea fizikia na hisabati, na CBG haina vyote viwili. Kwa tahasusi yako, njia iliyo wazi ni ya sayansi. Hakikisha vigezo kwenye mwongozo wa udahili wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) wa mwaka unaoomba, maana hubadilika.

Tena usichague kwa jina la shahada. Tafuta orodha ya masomo ya miaka yote mitatu, uangalie kemia ya mazingira, udongo, takwimu na ramani za kompyuta zimepewa uzito gani, na maabara ni saa ngapi kwa wiki. Shahada yenye sera tupu bila vipimo itakuacha mikono mitupu. Na takwimu usiikimbie: anayeikwepa mwaka wa kwanza hujikuta mwaka wa tatu ana daftari limejaa namba asizoweza kuzisemea lolote.

Tulipima oksijeni iliyoyeyuka kwenye maji ya Mto Msimbazi kwa njia ya Winkler. Maji yalikuwa nyuzi 27, yananuka, lakini nimepata miligramu 11 kwa lita. Mwalimu ameikataa. — Mwanafunzi wa mwaka wa pili, Dar es Salaam

Mwalimu yuko sahihi. Kwa nyuzi 27, maji yasiyo na chumvi, usawa wa bahari, yakishiba hewa hubeba takriban miligramu 8 tu. Mwani mwingi wakati wa jua kali unaweza kupandisha kiwango kupita hapo, lakini si kwenye maji yanayonuka uvundo. Hiyo 11 imeingia mkononi mwako.

Inaelekea mlichota kwa ndoo mkamimina. Maji yakimiminwa hubeba hewa. Ingiza mpira mwembamba hadi chini ya chupa ya mililita 300, yaache yafurike mara mbili au tatu ya ujazo wake, kisha funga kizibo bila kuacha kiputo hata kimoja. Ukiweka mililita 1 ya manganizi salfeti na mililita 1 ya mchanganyiko wa alkali na iodaidi, shusha ncha ya pipeti chini ya uso wa maji. Mashapo yake hunyonya oksijeni kwa pupa, na kiputo kikibaki humo kinahesabiwa kama cha mto. Fanya hatua hii palepale mtoni. Ukisubiri kufika chuoni, vijidudu vitakuwa vimeila oksijeni na jibu litashuka.

Tazama rangi: mashapo ya kahawia, oksijeni ipo, meupe pe, haipo kabisa. Yakishatuama, weka asidi ya salfuriki mililita 1, yayeyuke na kutoa iodini. Pima mililita 200, dondosha thiosalfeti ya 0.025 M hadi rangi iwe ya majani makavu, ndipo uweke wanga, maji yawe bluu, uendelee kudondosha hadi bluu itoweke. Ukiuweka mapema, wanga hung'ang'ania iodini na mwisho hauonekani vizuri. Kila mililita ya thiosalfeti ni miligramu 1 ya oksijeni kwa lita.

Jambo jingine: bluu ikitoweka kisha ikarudi baada ya muda mfupi, shuku naitraiti (nitrite, kemikali ya naitrojeni), ambayo huweza kuwamo kwenye majitaka. Mchanganyiko wa alkali wenye azidi (kemikali inayoharibu naitraiti) huiondoa. Uliza kama yenu ilikuwa nayo.

Mada yangu ya utafiti wa mwisho ni "Uchafuzi wa Mto Msimbazi". Msimamizi anasema ni pana. — Mwanafunzi wa mwaka wa tatu

Ni pana kweli. Chagua bomba moja linalomwaga majitaka. Weka kituo kimoja upande wa juu wa mto kabla ya bomba na viwili upande wa chini baada yake, sampuli tatu kila kituo, saa ileile ya siku. Ukichukua zote Aprili peke yake, masika yatakuwa yamepunguza uchafu huku yakisomba mwingine, usijue kipi ni kipi, rudi kiangazi. Epuka eneo la karibu na Daraja la Salender: maji ya bahari hupanda na kushuka pale, na chumvi yake huharibu kipimo cha COD (kiasi cha oksijeni kinachohitajika kuunguza uchafu kwa kemikali).