Jua la Utosini, Radi na Bamvua: Majibu kwa Wanafunzi wa Mtwara na Lindi

Ufito tuliousimika kwenye uwanja wa shule ulitupa kivuli upande wa kusini mwezi Juni, lakini mwezi Desemba kivuli kikahamia kaskazini. Je, jua limehama? (Mwanafunzi wa darasa la sita, Mikindani)

Mmefanya jambo jema kupima wenyewe, kwa sababu swali hili halieleweki vizuri kwa maneno matupu. Jua halijahama. Dunia huzunguka jua ikiwa imeinama kwa takribani nyuzi 23 na nusu, na mwinamo huo hubaki vilevile mwaka mzima. Mwezi Juni nusu ya kaskazini ya dunia ndiyo inayolielekea jua zaidi, kwa hiyo sisi wa Mtwara huliona jua la adhuhuri likiwa upande wa kaskazini na vivuli vyetu vikianguka kusini. Mwezi Desemba mambo hugeuka.

Mtwara ipo nyuzi 10 na kidogo kusini mwa ikweta, na kutokana na hilo mnaweza kukokotoa urefu wa kivuli kabla hamjatoka darasani. Ufito wa mita 1 uliosimama wima utatoa kivuli cha sentimita 67 hivi katika adhuhuri ya tarehe 21 Juni, na cha sentimita 23 hivi tarehe 21 Desemba. Katikati ya tarehe hizo zipo siku mbili ambapo jua hupita utosini kabisa na ufito hukosa kivuli: karibu na tarehe 20 Oktoba, na karibu na tarehe 21 Februari.

Lakini msiangalie saa ya ukutani peke yake. Saa ya Tanzania hufuata mstari wa longitudo ya nyuzi 45 Mashariki, ilhali Mtwara ipo karibu na nyuzi 40, hivyo kwa wastani jua hufika juu kabisa kwetu dakika 20 hivi baada ya saa sita mchana. Mwezi Oktoba huwahi, likafika dakika chache tu baada ya saa sita. Mwezi Februari huchelewa hadi saa sita na nusu. Anzeni kuweka alama kwenye ncha ya kivuli tangu saa sita kasorobo, kila baada ya dakika tano, na alama iliyo karibu zaidi na ufito ndiyo adhuhuri ya kweli ya mahali penu. Tazameni kivuli, msilitazame jua lenyewe, kwa maana huunguza jicho bila mtu kuhisi maumivu.

Shangazi yangu aliyeko Tanga hupanda mahindi mara mbili kwa mwaka. Kwa nini huku kwetu tuna msimu mmoja tu wa mvua? (Mwanafunzi wa kidato cha kwanza, Nachingwea)

Jibu linatokana na safari hiyohiyo ya jua. Karibu na ikweta kuna ukanda ambamo pepo za kaskazini na pepo za kusini hukutana. Zikikutana, hewa haina pa kwenda ila juu. Ikipanda hupoa, mvuke uliomo hugeuka matone, na mawingu ya mvua hujengeka. Ukanda huo hulifuata jua, ukichelewa nyuma yake kwa majuma kadhaa. Tanga huuona mara mbili: unaposhuka kusini, kati ya Oktoba na Desemba, ndipo huja vuli, unaporudi kaskazini, kati ya Machi na Mei, ndipo huja masika. Sisi tupo karibu na mwisho wa safari yake ya kusini, hivyo kuja kwake na kurudi kwake huungana na kuwa msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, ambao huenda ukakatwa na siku kadhaa za ukavu katikati. Baada ya hapo kusi hushika, na kiangazi chake ndicho kinachoipa mikorosho nafasi ya kutoa maua bila mvua kuyaharibu.

Bibi hutuambia mvua ya radi ikianza tufunike vioo na tuvue nguo nyekundu. Je, ni kweli vitu hivyo huvuta radi? (Mwanafunzi wa darasa la saba, Tandahimba)

Bibi anawatakia usalama, na ni haki aheshimiwe kwa hilo, lakini rangi ya nguo na kioo cha ukutani haviiongozi radi. Radi ni umeme unaoruka kati ya wingu na wingu, au kati ya wingu na ardhi, baada ya punje za barafu zilizomo winguni kugongana na kulijaza chaji. Unapokaribia ardhi, umeme huo huelekea zaidi kwenye kilicho kirefu na kilichosimama peke yake: mnara, mnazi, mkorosho ulio katikati ya shamba, au mtu aliye mahali peupe.

Hapa napenda niseme kwa msisitizo. Msimu wa kuokota korosho huendelea Novemba na Desemba, yaani wakati uleule ambapo mvua za kwanza za radi huanza, na mtu aliyeinama shambani hushawishika kusogea shinani mwa mkorosho ili asilowe. Usifanye hivyo. Radi ikiupiga mti, umeme huweza kuruka kutoka kwenye shina hadi mwilini, au kutambaa ardhini na kupanda kupitia miguu. Banda la wazi la shambani nalo halitoshi. Nenda kwenye nyumba yenye kuta na paa au ndani ya gari lenye paa la chuma, na ukiwa ndani kaa mbali na nyaya za umeme na mabomba ya maji.

Umbali wa radi unaweza kuujua kwa kuhesabu. Mwanga hufika papo hapo, lakini sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde, kwa hiyo kila sekunde tatu kati ya mwako na ngurumo ni takribani kilomita 1. Ukihesabu sekunde zisizozidi 30, ingia ndani, na usitoke mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Aliyepigwa na radi habaki na umeme mwilini; mguse na umsaidie mara moja.

Je, kimbunga kinaweza kufika Lindi na Mtwara? (Mzazi, Kilwa Masoko)

Kinaweza, ingawa ni nadra. Kimbunga huhitaji bahari yenye joto la kama nyuzi 26 na nusu au zaidi, pamoja na msukumo wa mzunguko wa dunia unaoifanya hewa izunguke, na msukumo huo ni hafifu mno karibu na ikweta. Vingi huundwa kusini zaidi, na Madagaska hukinga sehemu ya njia yao. Hata hivyo kimbunga kiliipiga Lindi mwezi Aprili 1952. Kimbunga Kenneth kilitua kaskazini mwa Msumbiji tarehe 25 Aprili 2019. Na Hidaya, mwezi Mei 2024, kiliambatana na mvua iliyokata barabara kuu ya Lindi kwenda Dar es Salaam. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ikitoa tahadhari, wavuvi wasiingie baharini hata kama asubuhi ni shwari.

Kwa nini siku nyingine maji hupwa mbali sana na siku nyingine kidogo tu? (Mwanafunzi wa darasa la tano, Msimbati)

Mwezi huvuta bahari, na jua huivuta pia, ingawa jua huyainua maji kwa kiasi kidogo zaidi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, vyote viwili huvuta katika mstari mmoja, na siku moja au mbili baadaye tunapata bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na wanaokwenda kutafuta pweza hufika mbali miambani. Mwezi unapokuwa nusu, mivuto hukingana, na maji huwa mafu. Wakati wa maji kupwa husogea mbele kwa takribani dakika 50 kila siku, hivyo ukijua yalipwa saa ngapi leo, unaweza kukadiria ya kesho kabla ya kutoka nyumbani.