Maswali yenu: Mwezi, deni na barafu sokoni

Barua za wiki hii zimetoka Masasi, Msangamkuu, Lindi, Kilwa na Mtwara mjini. Nyingi zinagusa bei, ila bei ya samaki huanza kupangwa mbali na meza ya mnada.

Nanunua dagaa soko la samaki la Feri, Mtwara, na kuwapeleka Masasi. Wiki hii ndoo rahisi, wiki mbili baadaye haishikiki. Au wananionea kwa kuwa mimi mgeni? (Mama mchuuzi, Masasi)

Hawakuonei, mama. Tazama juu usiku. Dagaa huvuliwa kwa taa, na taa inataka giza. Mwezi ukishakuwa mpevu mwanga unatapakaa bahari nzima, dagaa hawajikusanyi chini ya taa, na boti nyingi zinabaki ufukweni. Kwa hiyo mzigo hujaa siku za giza na hupungua mbalamwezi ikiwaka. Ongeza na upepo: kusi inapovuma, katikati ya mwaka, bahari inachafuka na vyombo vidogo havithubutu kutoka.

Ningekuwa wewe ningenunua katikati ya giza, nikawakausha kwenye chanja, si juu ya mchanga, mpaka wakauke kweli, kisha nikaweka akiba. Minada ya korosho huanza Oktoba. Wakulima wa Masasi, Newala na Tandahimba wakishalipwa, kitoweo kinatafutwa nyumba kwa nyumba. Dagaa wenye mchanga na unyevunyevu hawafiki huko wakiwa salama. Watavunda kwenye gunia na mtaji utaenda nao.

Tajiri alinipa nyavu na mashine ya boti kwa mkopo. Kila nikirudi lazima nimuuzie yeye kwa bei anayoitaja yeye. Huu mwaka wa tatu. Nifanyeje? (Mvuvi, Msangamkuu)

Mdogo wangu, swali lako limenikaa moyoni. Nimechuuza samaki miaka mingi na nimeona wavuvi hodari wakizeeka ndani ya deni la mashine moja.

Kukopa si kosa, na tajiri naye anabeba hatari: mashine ikizama, fedha yake imezama. Ubaya uko hapa, kwamba mkopo na bei vimefungwa kamba moja. Nikuulize: ulikopeshwa shilingi ngapi, na zimebaki ngapi? Wengi nikiwauliza hivyo hunyamaza. Tuseme anakupunja shilingi 1,000 tu kwa kilo, unapata kilo 20 kwa siku, unaingia baharini siku 15 kwa mwezi. Hiyo ni 300,000 kila mwezi, na 3,600,000 kwa mwaka. Sasa linganisha na bei ya mashine aliyokupa.

Anza na daftari leo. Andika kilo, bei aliyokupa, na bei waliyouza wenzako siku hiyohiyo. Ukishakuwa na mwezi mzima, mfuate kwa heshima ukiwa na shahidi, awe mzee wa kijiji au kiongozi wa BMU, kile kikundi cha wanajamii kinachosimamia uvuvi ufukweni. Pendekeza sehemu fulani ya kila mzigo iende kulipa deni kwa bei ya mnada, na sehemu inayobaki uuze utakako. Mkikubaliana, iandikwe na wote mtie saini. Usivunje uhusiano kwa matusi. Siku mtoto anaumwa usiku, huenda ni mlango wake huohuo utakaougonga.

Ulizia pia mikopo ya halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Haina riba, lakini hutolewa kwa vikundi, basi tafuta wenzako mnaoaminiana kwanza.

Nafuga samaki aina ya mwatiko kwenye bwawa la maji chumvi. Nikivuna, wanunuzi wananiambia soko limejaa. (Mfugaji, Lindi)

Unavuna siku ambayo kila mtu amevuna. Faida kubwa ya bwawa ni kwamba samaki wako hawaondoki! Waache mpaka upepo ukaze na meza za sokoni zibaki tupu, na uvune kidogokidogo badala ya kumaliza bwawa lote kwa siku moja. Kabla hujaingiza wavu, uwe umeshazungumza na mama ntilie na wenye mahoteli, unajua nani anachukua kilo ngapi.

Siku moja kabla ya kuvuna usiwalishe. Mwatiko mwenye tumbo lililojaa huanza kuharibika haraka kuanzia tumboni. Vuna alfajiri, watumbukize moja kwa moja kwenye maji yenye barafu, na kwa joto letu weka kilo moja ya barafu kwa kila kilo ya samaki. Mwatiko ana miiba mingi, kwa hiyo ukimchana vizuri kabla ya kuuza utawapata hata wale wanaomkwepa. Kwa mafunzo, chuo cha uvuvi cha FETA kipo Mikindani, mkoa jirani wa Mtwara.

Je, naweza kununua pweza wadogo kama mvuvi ameshawatoa? (Kilwa)

Hapana. Kanuni za uvuvi haziruhusu pweza wa chini ya gramu 500, na mnunuzi akikubali leo, kesho ataletewa wadogo zaidi. Pweza hukua upesi mno. Ukimwacha miezi michache tu atakulipa. Ndiyo maana kisiwani Songosongo wamewahi kufunga miamba kwa muda, pweza wasivuliwe.

Mteja alikula vibua wangu wa kukaanga akawashwa mwili, uso ukawa mwekundu. Niliwakaanga mpaka wakakauka. Kosa langu ni lipi? (Muuza samaki, Mtwara mjini)

Kosa huenda lilitokea kabla hujawasha jiko. Vibua, jodari na nguru wakikaa juani, bakteria hutengeneza histamini, kemikali inayoleta mwasho, ndani ya nyama. Kukaanga hakuiondoi, kuchemsha hakuiondoi, wala kugandisha. Samaki anaweza asinuke kabisa na bado akamdhuru mtu. Mteja akibanwa pumzi, awahishwe hospitali. Kwako wewe kinga ni barafu tangu ndani ya boti. Kesho asubuhi, kabla ya kutaja bei, muulize anayekuuzia: waliwekwa kwenye barafu saa ngapi? Akisitasita, waache hao vibua mezani kwake.