Karani Anastahili Kuambiwa Kosa: Ujumbe Kwenye Skrini za RPG

Msomaji mmoja anayeandika programu kwa RPG, lugha ya programu za biashara kwenye kompyuta za IBM, kaniandikia juzi: "Kaka, programu yangu ya RPG ikiita API (programu ya mfumo inayoitwa na programu nyingine) na API ikikataa, karani anatolewa skrini ya kuchagua C, D, F au G. Anabonyeza C, yaani kughairi, kazi yote inapotea. Nifanyeje?"

Ndugu yangu, hilo nalijua vizuri. Kampuni moja niliyofanyia kazi ilikuwa hivyohivyo kwenye IBM i, mfumo wa kompyuta za IBM unaoendesha RPG. Nilipopendekeza tuandike ujumbe unaoeleweka, mkuu wangu alinijibu mbele ya wenzangu kwamba makarani hawasomi. Lile neno bado linaniuma. Nikaendelea na programu ya ghala kwa njia yangu.

Siri iko kwenye muundo wa kosa unaoipa API, yaani eneo la data ambalo API hujazia kosa. Sehemu ya kwanza, idadi ya baiti ulizotenga, ukiiacha sifuri, API itakutupia kosa usoni. Weka 272, itatulia na kukujazia. Sehemu ya pili ikizidi sifuri, ujue kuna kosa: jina lake lipo, kama CPF9801, na data yake inaanzia baiti ya 17. Vichukue vyote viwili uvitume kwa QMHSNDPM, API ya kutuma ujumbe, pamoja na QCPFMSG, faili la ujumbe wa mfumo, kisha sabufaili ya ujumbe (orodha ya mistari ya ujumbe kwenye skrini), SFLMSGRCD(24), ivionyeshe chini kabisa ya skrini. Usitunge sentensi yako ya "kosa limetokea"; hiyo haimsaidii mtu.

Kwa makosa ya biashara nilifungua faili letu la ujumbe kwa amri ya CRTMSGF, nikaandika Kiswahili: "Ghala &1 halijafunguliwa mwezi huu" (&1 ni nafasi ya kujazwa ghala lenyewe), na maelezo ya pili ya nini kifanyike. Mama mmoja wa stoo akaweka kasa (alama ya kuonyesha mahali ulipo kwenye skrini) juu ya ujumbe, akabonyeza Help, akasoma, akaenda kulifungua ghala mwenyewe. Hakupiga simu kwa mtu. Makarani wanasoma, tena sana, ukiwaandikia kitu cha kusoma! Tuwaheshimu watu wanaokaa mbele ya kazi zetu kutwa nzima.

Ujumbe usipoonekana, kagua SFLPGMQ, neno linalotaja foleni ya ujumbe ambayo skrini inasoma: ukituma kutoka ndani ya prosija (kifungu cha programu) kwa '*' na 0, yaani kwa mtumaji mwenyewe, ujumbe unabaki kwenye foleni ya prosija hiyo, si ya programu yenye skrini. Kila mzunguko futa ujumbe wa zamani kwa QMHRMVPM, API ya kuondoa ujumbe. Na kabla hujakabidhi, iite API kwa jina la kitu kisichokuwepo, utazame mstari wa 24 unasema nini.