Pawa saplai iliyokuja na kesi, niichukue au niiache?

SWALI: Habari kaka, nipo Mwanza najikusanyia vifaa nijenge kompyuta ya gemu mwenyewe. Nimeshapata prosesa Ryzen 5 5600 na kadi ya grafiki RX 6600 ya mtumba. Muuzaji ananishauri nichukue kesi inayokuja na pawa saplai yake ya wati 750, halafu hela itakayobaki niongeze kwenye RAM, nichukue stiki moja ya GB 32. Nitachezea skrini ya 1080p. Niko sawa?

JIBU: Salama mdogo wangu. Prosesa na kadi umechagua vizuri sana, kwa 1080p hapo gemu nyingi utacheza bila shida, ila hayo mengine mawili naomba usiyafanye, hasa hiyo pawa saplai, yani kifaa kinacholisha mashine nzima umeme, ndo inayonifanya nikujibu leoleo kabla hujalipa.

Tupige hesabu. Ryzen 5 5600 imeandikwa wati 65, RX 6600 wati 132, weka na mazabodi (ile bodi kubwa inayounganisha vifaa vyote), RAM, SSD na feni kama 60 hivi, jumla haifiki hata 300. Kwahiyo 750 huihitaji, unachohitaji ni wati za kweli. Ukiwa dukani igeuze hiyo pawa saplai usome stika ya ubavuni, tafuta palipoandikwa +12V uone ampea ngapi, zidisha mara 12, maana prosesa na kadi karibu umeme wao wote wanautoa hapo. Kuna moja niliifungua mezani kwangu, kwa nje imeandikwa 750 kwa maandishi makubwa kabisa, kwenye stika 12V ina ampea 18, yani wati 216 tu! Ndani kapasita vidogo kama vya redio, na ukiishika mkononi nyepesi utadhani boksi tupu. Mteja alikuja nayo analalamika mashine inajizima kila gemu ikikolea, na kweli, kadi huwa inavuta umeme kwa ghafla, sasa kitu kama kile kinahimili vipi?

Angalia pia nyuma kama ina kaswichi kekundu ka 115/230. Ukikaona jua hiyo ni ya kizamani, na mtu akikasogeza kwenye 115 na umeme wetu ni 230 inalipuka hapohapo. Nzuri utakuta imeandikwa 100-240V, inajirekebisha yenyewe. Chukua ya wati 550 ya kampuni inayoeleweka, Corsair au Seasonic kwa mfano, yenye 80 Plus Bronze, ila 80 Plus inapima umeme unaopotea kama joto, haimaanishi kila kitu ndani ni kizuri, kwahiyo stika isome tu. Na kwa umeme wetu huu wa kukatika na kurudi kwa kishindo tafuta na stabilaiza, sio anasa hiyo.

RAM sasa. Stiki moja ya 32 inafanya kazi kweli lakini prosesa inakuwa inapita njia moja kwenda kwenye RAM wakati ina njia mbili, na kwenye gemu unaliona hilo, picha zinakwamakwama. Chukua mbili za GB 8, aina ya DDR4 yenye kasi ya 3200, uchomeke tundu la pili na la nne kuhesabu toka kwenye prosesa, ukiwa na mazabodi ya matundu manne. Usichukue DDR5, haiingii kabisa kwenye bodi za AM4, ambazo ndo za prosesa yako. Halafu ingia kwenye bayosi, yani mipangilio ya mazabodi yenyewe, uwashe XMP inayoipa RAM kasi yake kamili, la sivyo RAM ya 3200 itakwenda taratibu kuliko ulivyolipia, wengi wanakaa miaka hawajui.

Mazabodi hujaitaja. B550 ni sawa, B450 pia inakubali ila ilitoka 2018 na prosesa yako 2022, kwahiyo bayosi yake ya zamani haiijui, muulize muuzaji kama imeshaapdetiwa, na akuwashie uone kwa macho.

Ukimaliza kuunga, waya wa skrini chomeka kwenye kadi, sio kwenye mazabodi, maana 5600 haina grafiki zake za ndani, ukichomeka kule utaona giza tu ukadhani umeunguza kitu. Ukipata pawa saplai nyingine nitumie picha ya stika kabla hujatoa hela, nitakupigia hesabu.