Transmita zinazogoma kuamka stima ikirudi

SWALI: Shikamoo Fundi. Mimi ni fundi wa zamu katika kiwanda cha chai huku Kericho. Nilitengeneza mwenyewe transmita tatu za waya mbili (waya hizohizo zinaleta umeme na kutuma kipimo kwa mkondo wa 4 hadi 20 mA), zinazopima joto la hewa ya kikaushio kwa kihisi cha PT100. Mchana hazina neno. Stima ikipotea alfajiri kisha ikarudi, mbili zinabaki kimya, mita inasoma 0.03 mA. Nikichomoa waya na kuuchomeka tena, zinaamka papo hapo. Ya tatu niliiongezea skrini ndogo, nayo ina ugonjwa wake: namba zinarukaruka kati ya 3 na 6 mA, hazitulii. Paneli inatoa volti 24, kebo ni mita 400 ya 0.5 mm², rizista ya PLC, kompyuta inayoendesha mitambo, ni omu 250. Mkubwa wangu anasema kebo ni ndefu mno, inakula volti. Nimekutumia mchoro. Nifanyeje?

*Fundi wa zamu, Kericho*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umeandika kila kitu ninachohitaji, hata saa ya tatizo, na hiyo saa ndiyo iliyonisaidia zaidi.

Kwanza kebo. Waya wa 0.5 mm² una takriban omu 36 kwa kilomita. Mita 400 kwenda na 400 kurudi zinakupa omu 29 hivi. Ongeza 250 za PLC, jumla 279. Hata mkondo ukifika 22 mA, njiani zinapotea volti 6 na kidogo, transmita inabakiwa na karibu 18. Saketi yako inatosheka na 10. Kebo haina kosa. Mwonyeshe mkubwa wako hesabu hiyo kwa heshima.

Sasa twende kwenye zile mbili zilizonyamaza. Katika mchoro wako, umeme wa ndani unatoka kwenye chanzo cha mkondo cha 3.5 mA kinacholisha dayodi ya zena, inayoshikilia volti 5.1. Chanzo hicho umekijenga kwa transista mbili zinazolishana: ya kwanza inaipa ya pili mkondo wa kwenye besi (mguu wa kuiwasha), na ya pili inaipa ya kwanza. Zikishaanza, kazi yake ni safi sana. Lakini nani anaanza? Ni kama wageni wawili mlangoni, kila mmoja anamwambia mwenzake “tangulia wewe”. Saketi ya namna hii ina hali mbili za kutulia. Moja ni ile uliyoitaka, 3.5 mA. Nyingine ni sifuri, na ikishakaa kwenye sifuri haina sababu ya kutoka hapo, hata uipe volti 24 mchana kutwa.

Ukichomeka waya kwa mkono, volti inaruka kutoka sifuri hadi 24 kwa ghafla. Mruko huo unapenya kwenye kapasita ndogo iliyomo ndani ya transista yenyewe, kati ya kolekta na besi, na kuisukuma kidogo. Kidogo hicho kinatosha. Lakini stima ikirudi, pawa saplai ya paneli inajaza kapasita za transmita zote kwa pamoja, volti inapanda taratibu, na ule msukumo haupo. Mchana saketi ilikuwa ikiokolewa na joto. Transista yoyote huvuja mkondo mdogo sana, na uvujaji huo huongezeka karibu maradufu kwa kila nyuzi 10 za joto. Mchana boksi lililo karibu na kikaushio lina moto, kwa hiyo uvujaji unaiamsha saketi. Alfajiri ya Kericho, kikaushio kikiwa kimepoa, hakuna wa kuiamsha.

Ugonjwa huu niliufahamu kwa machungu. Nilipokuwa kijana hapa Tanga niliwekewa mezani transmita ya kina cha maji ya tangi, imekufa. Naiwasha, kimya. Nagusa besi ya transista kwa ncha ya mita nipime volti, inaamka na kufanya kazi vizuri kabisa! Nazima, nawasha, imekufa tena. Siku mbili nzima niliamini kuna lehemu iliyoachia, nikalehemu upya kila kiungo. Mita yangu ndiyo iliyokuwa ikiiamsha, kwa mkondo mdogo uliopita kwenye ncha yake. Kwa hiyo ukiona saketi inapona kila unapoigusa kuichunguza, usitafute lehemu mbovu. Tafuta hali ya pili ya kutulia.

Dawa yake ni rizista moja. Weka 470 kΩ kutoka kwenye chanya ya lupu (mzunguko wa zile waya mbili) hadi kwenye besi ya ile transista ya NPN. Volti zikiwa 10 tu, inapitisha mikroampea 20 hivi. Zikiwa 24, kama 50. Hizo zinashinda baridi yoyote ya huko kwenu. Ila angalia sana mkondo huo unarudi wapi. Lazima urudi upande wa ndani wa rizista ya kupimia mkondo, ili saketi ya kutoa iuhesabu pamoja na mikondo mingine. Ukirudi kwa nje, tofauti ya mikroampea 30 kati ya volti 10 na 24 inakuwa kosa la karibu 0.2% ya kipimo chote, na utalitafuta hadi uchoke. Wengine hawataki rizista; wanatumia FET, transista ya aina inayopitisha mkondo hata geti, mguu wake wa kuiongoza, ikiwa na volti sifuri, ambayo inajiwasha yenyewe. Ni njia nzuri ukiwa unachora upya. Kwa bodi zako zilizokwisha kulehemiwa, rizista inatosha.

Ya tatu haikufa. Ina kwikwi. Uliandika pembeni mwa mchoro kwamba skrini na maikrokontrola (kompyuta ndogo ya chipu moja) zikianza huvuta 8.5 mA kwa milisekunde 10. Chanzo chako kinatoa 3.5, basi upungufu ni 5 mA, na kwa milisekunde 10 unakuwa mikrokulombu 50. Hizo zinatoka kwenye kapasita, nayo umeweka mikrofaradi 22. Gawa: volti zinashuka 2.3. Ikianza imejaa, 5.1 inakuwa 2.8, na maikrokontrola yako umeipanga ijizime ikifika 2.7. Inapona kwa unywele mmoja. Volti ikipanda polepole, maikrokontrola inaamka kapasita ikiwa na 4 tu, inavuta, inaanguka hadi 1.7, inajizima, kapasita inajaa kidogo, inaamka tena. Ndiyo kuruka kwa namba unakokuona.

Kuongeza kapasita kutasaidia: kwa mikrofaradi 100 anguko linakuwa nusu volti tu, na kuijaza kwa 3.5 mA hadi volti 5 ni kama sekunde 0.15, hakuna atakayeona. Lakini usiishie hapo, kwa sababu kapasita huzeeka, na kwenye joto la kikaushio huzeeka haraka. Zuia mzigo usiamke kabla ya chakula kuwa tayari. Weka chipu ya kuangalia volti, iwashe skrini na maikrokontrola kupitia MOSFET ya P (transista inayotumika kama swichi) ikifika volti 4.6, na isizime mpaka zishuke chini ya 3.3. Pengo kati ya hizo mbili ndilo linaloondoa kwikwi. Na kwenye programu, skrini isiwashwe pamoja na kila kitu. Ianze maikrokontrola, kisha kipimo, skrini iwe ya mwisho.

Jambo moja linanitia hofu kuliko yote. Transmita iliyokufa kwa 0.03 mA inajisema yenyewe: kwa mapendekezo ya NE 43 ya NAMUR, chama cha watumiaji wa vifaa vya udhibiti viwandani, mkondo wa 3.6 mA au chini ni alama ya hitilafu, na PLC iliyopangwa sawasawa inalia. Lakini yenye kwikwi inapita kwenye 5 mA, ambayo ni kipimo halali. PLC inaamini kikaushio kimepoa, inafungua mvuke zaidi, na kumbe chai inaungua. Kwa hiyo hakikisha transista ya kutoa inakaa imezimwa kwa rizista ya kuvuta chini mpaka programu ipate kipimo cha kwanza cha kweli. Hapo lupu itatulia kwenye 3.5 mA za chanzo chako peke yake, na PLC itajua isubiri.

Ukimaliza, usizijaribu kwa kuchomeka waya. Chukua pawa saplai inayozungushwa kwa mkono, ipandishe kutoka 0 hadi 24 kwa sekunde moja, kisha kwa nusu dakika. Isimamishe kwenye volti 9 kwa dakika tano halafu uendelee. Izime nusu sekunde uwashe. Kisha boksi likae kwenye friji usiku mzima, urudie yote kabla halijapata joto. Friji ya kantini inafaa, ila lifunge kwenye mfuko lisipate unyevu.

SWALI: Fundi, kwa nini nisiweke kapasita kubwa, mfano mikrofaradi 1,000, moja kwa moja kwenye waya mbili za lupu ili transmita isife umeme ukikatika kidogo?

*Msomaji, Mwanza*

JIBU: Hapana, ndugu yangu. Kama transmita zako zina HART, njia ya kutuma data juu ya waya zilezile, ishara yake ni sauti ya 1,200 na 2,200 Hz juu ya mkondo, na kapasita hiyo itaimeza yote. Hata bila HART, PLC itasoma mkondo wa kujaza kapasita kana kwamba ni kipimo. Mahali pa kapasita ni ndani, baada ya chanzo cha mkondo, kama tulivyomweleza mwenzako wa Kericho.