Usifyeke lusina kiwanjani ukaondoka

Kama una kiwanja Goba, Bunju au Kigamboni, hapa Dar es Salaam, na bado hujajenga, nenda ukakiangalie. Ukikuta miti myembamba yenye majani madogomadogo, maua meupe ya duara na maganda bapa yanayoning'inia kwa vishada, hiyo ni lusina. Kabla hujamwita kijana wa panga, soma haya.

Nasimamia kiwanja cha familia huko Goba, na majirani wengi nawaona wakipambana na lusina kwa namna ileile: wanafyeka, wanachoma, wanaondoka. Masika ikipita, kichaka kimekuwa kinene kuliko mwanzo.

Lusina haifi kwa kukatwa. Kisiki kinatoa machipukizi mengi, na mti uliokuwa na shina moja unakuwa na matano. Wafugaji waliipendea hilo hasa, kwamba unakata majani ya ng'ombe leo na baada ya muda unakata tena. Asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati. Ilisambazwa nchi za joto kwa ajili ya malisho, kuni na kurutubisha udongo, maana mizizi yake hushirikiana na bakteria kunasa naitrojeni ya hewani. Ndiyo maana haisumbuki na ardhi iliyochoka, na kwenye udongo wenye chokaa, kama ule wa Wazo na Kunduchi, inastawi kwelikweli. Leo imo kwenye orodha ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira, ya viumbe vamizi 100 wabaya zaidi duniani.

Moto nao una hasara yake. Mbegu ya lusina ina ganda gumu lisilopitisha maji, kiasi kwamba wenye vitalu wakitaka iote haraka huimwagia maji ya moto kwanza. Ukichoma kiwanja, mbegu za juu zitaungua, lakini zilizofukiwa kidogo zinapata joto la kulegeza ganda, kisha zinasubiri mvua. Zisizoota mwaka huo zinaweza kulala ardhini miaka mingi. Tena mti mmoja tu unatosha kuanzisha msitu, kwa sababu unajichavusha wenyewe.

Kwa hiyo wahi maganda yakiwa bado mabichi. Yakishageuka kahawia na kupasuka, umechelewa kwa msimu huo. Mti mkubwa usiishie kuukata: chukua sururu, chimbua kisiki pamoja na shingo ya mzizi, pale shina linapokutana na mizizi. Kazi ni nzito, na kibarua atataka hela zaidi kuliko ya kufyeka. Mlipe. Wapo wanaomwaga dizeli kwenye kisiki, nami siungi mkono hata kidogo, kwa sababu mitaa yetu mingi inategemea visima na hayo mafuta yanazama ardhini.

Miche midogo ing'oe kwa mkono siku mbili tatu baada ya mvua, udongo ukiwa laini. Usiiache ikomae, kwani mzizi wake mkuu huzama chini upesi. Kisha usiache ardhi wazi. Miche ya lusina haipendi kivuli, na hapa ndipo matembele yanaposaidia: yakitambaa yakafunika ardhi, inayochomoza ni michache sana, na mboga unapata. Kunde pia zinafaa.

Majani uliyokata mpe mwenye mbuzi au ng'ombe, lakini mwambie achanganye na nyasi, lusina isizidi theluthi ya chakula chao. Yana sumu iitwayo mimosini. Sungura, nguruwe na punda usiwape kabisa, wanaweza kunyonyoka manyoya na kudhoofika.

Na ukiagiza lori la kifusi kusawazisha kiwanja, uliza kimechimbwa wapi. Kikitoka eneo lenye lusina, mbegu zimo humo humo, na utaanza upya kung'oa miche mvua inayofuata.