Mama mkwe amemwambia mwanangu Baba Krismasi hayupo

*Shangazi, shikamoo. Nina watoto wawili, wa kike ana miaka 8 na wa kiume 5. Kila Krismasi huwa tunawaambia kwamba zawadi zimeletwa usiku na Baba Krismasi. Mwezi uliopita mama mkwe alikuja kwetu Dar kwa ajili ya kliniki, akamkuta binti yangu anamwandikia Baba Krismasi barua ya kuomba baiskeli. Akamwambia, "Mjukuu wangu, hapo juu andika jina la baba yako, ndiye atakayelipa." Mtoto akanifuata jikoni kuuliza kama ni kweli. Nikamjibu, "Bibi anakutania." Tangu siku hiyo hajauliza tena, ila nimemfuma akipekua kabati letu. Mume wangu anasema nakuza mambo. Sikukuu tunakwenda Marangu kwa huyohuyo mama mkwe, na hata simu zake sina hamu ya kuzipokea. Nimwambie mtoto ukweli, au nimdanganye mwaka huu mmoja tu? Na mama mkwe nimwambie nini?*
*Mama Wawili, Tabata*

Marahaba, Mama Wawili.

Mtoto anayepekua kabati la wazazi wake mwezi wa Desemba ameshajua. Anatafuta ushahidi tu. Nyumba zetu zina nondo madirishani na geti linafungwa kwa kufuli, na mtoto wa miaka 8 ana akili ya kutosha kujiuliza mzee mnene mwenye gunia anapitia wapi. Hata bila bibi yake, asingefika mbali.

Kinachonisumbua mimi ni yale maneno yako ya jikoni. Bibi alisema kweli, ukamwambia mtoto kwamba anatania. Sasa huyo binti ana watu wawili anaowapenda, na mmoja wao hasemi kweli. Akikuta baiskeli juu ya kabati, au risiti kwenye pochi ya baba yake, atajua ni nani. Ndiyo maana nakusihi umalize jambo hili kabla hamjapanda basi la kwenda Moshi.

Halihitaji kikao. Mkiwa wawili tu, labda unamsuka, muulize: "Yale aliyosema bibi kuhusu Baba Krismasi, wewe unaonaje?" Kisha nyamaza. Atakwambia mwenyewe, na pengine utacheka ukisikia upelelezi wake umefika wapi. Akimaliza, mwambie: "Bibi alikuwa anasema kweli. Zawadi tunanunua mimi na baba. Nilisema anatania kwa sababu sikuwa tayari, nisamehe."

Unaogopa atalia. Anaweza. Lakini mwaka 1994 watafiti wawili wa Marekani, Anderson na Prentice, walichapisha mahojiano yao na watoto 52 waliokwisha kuacha kuamini. Wengi walikuwa wamegundua wakiwa na miaka kama 7, na kwa jumla walilipokea vizuri. Waliosikitika zaidi ni wazazi. Hebu jichunguze na wewe, hayo machozi unayoyaogopa ni ya nani?

Sitaki uondoke hapa ukidhani nimekuita mwongo. Sisi wenyewe tulitupa meno juu ya bati tukiomba tuletewe mapya, na hakuna aliyewashitaki wazazi wake ukubwani. Huyo mama mkwe wako naye bila shaka alimwambia mumeo kwamba akitoka nje usiku zimwi litamla. Wewe angalau umechagua kiumbe anayeleta baiskeli.

Ila yapo mawili ambayo huyo mzee wa ndevu anayaharibu, na nadhani mama mkwe ameona moja. Kwetu mtoto hupokea kitu kwa mikono miwili, akamtazama aliyempa na kusema ahsante. Mwanawe anakatwa mkopo kila mwezi, halafu shukrani anapewa mtu aliyevaa koti la sufu katika joto la Dar. Nisingeshangaa kama hilo limemkaa kooni tangu mwaka juzi.

La pili ni Marangu kwenyewe. Mtakuta mbuzi wa sikukuu, mbege ya wakubwa, kanisa limejaa hadi nje, na binamu wa umri wa watoto wako waliopata nguo mpya kama wamebahatika. Wanao watawasimulia kuhusu Baba Krismasi anayewapa zawadi watoto wenye tabia njema. Atatokea mmoja aulize kwa nini kwao hafiki. Utamjibu nini? Kwamba alikuwa mtukutu? Mtoto huyo anachota maji na kukata majani ya ng'ombe kabla ya shule. Kama kuna sababu moja ya kuwaambia watoto wa mjini mapema, kwangu mimi ni hii.

Baada ya ukweli, mpe binti yako kisa chenyewe, kwa sababu ni kitamu kuliko kile cha dukani. Nikolao alikuwa askofu wa Mira, mji uliokuwa katika nchi ambayo leo ni Uturuki, karne ya 4, na Kanisa humkumbuka tarehe 6 Desemba. Inasimuliwa kwamba baba mmoja maskini alikuwa na mabinti watatu na hana mahari ya kuwaozesha, maana kule mahari ilitoka upande wa binti. Nikolao akawa anapita usiku na kutupa dhahabu dirishani ili asijulikane. Kulungu wanaovuta gari lake na bomba la moshi analoingilia nyumbani ni nyongeza za baadaye sana, vimeenezwa na Wamarekani wa karne ya 19.

Kisha mpe kazi: mwaka huu naye anatoa kwa siri. Achague kitu kwa ajili ya mdogo wake na kimoja kwa ajili ya binamu, akifunge, akiweke usiku watu wamelala. Utaona atakavyoitunza siri ya mdogo wake. Huyo wa miaka 5 mwache kwanza, ila siku akiuliza kwa kumaanisha, usirudie ya jikoni. Na hayo ya "watoto wema tu" yaondoe kabisa.

Mama mkwe aambiwe na mwanawe, si wewe. Mumeo asijifiche nyuma ya "unakuza mambo". Apige simu, aseme: "Mama, mkubwa tumeshamwambia. Mdogo tuachie sisi." Inatosha. Wewe ukipigiwa, pokea. Ulimfanya aonekane mzushi mbele ya mjukuu wake, na yeye hajui, kwa hiyo huna cha kumnunia.

Na baiskeli, kama mmeshainunua, itoeni hapo kabatini mpeleke kwa jirani.